Je, Wajua? Chokaa Kwenye Lango la Moyo

Je, wajua kwamba valvu ya aota, lango la damu inayotoka moyoni kwenda mwilini, hufunguka na kujifunga mara 100,000 hivi kwa siku? Kwa mtu mzima mwenye afya, uwazi wake ni sentimita za mraba 3 hadi 4. Ukishuka chini ya 1, mambo yameharibika.

Je, wajua kwamba chokaa inayoikakamaza valvu hiyo, yaani kalsiamu, hailetwi na maziwa wala dagaa? Seli za valvu yenyewe hubadili tabia zikaanza kujenga mfupa. Kuna valvu zilizotolewa kwa upasuaji zikakutwa na mfupa kamili ndani, pamoja na uboho wake. Dagaa wako wale kwa raha.

Je, wajua kwamba chokaa hiyo huhesabiwa? Mgonjwa hulala kwenye mashine ya CT skani, hubana pumzi sekunde chache, wala hachomwi sindano. Weupe wa picha hupimwa kwa vipimo vya Hounsfield: maji ni 0, chokaa huanzia 130. Doa la milimita za mraba 10 lenye weupe wa 150 hupata alama 10. Doa la ukubwa uleule lenye weupe wa 420 huzidishwa mara 4, likapata 40. Kisha yote hujumlishwa.

Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 1990 na Arthur Agatston wa Florida na wenzake, tena kwa ajili ya mishipa ya moyo, si valvu. Ndiye huyohuyo mwandishi wa kitabu cha kupunguza unene, The South Beach Diet.

Kwa nini isitoshe eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti? Eko ndiyo ya kwanza, lakini wakati mwingine hujipinga: uwazi unaonekana mdogo mno, huku tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za valvu ikiwa chini ya milimita 40 za zebaki, pengine kwa sababu moyo uliochoka unasukuma damu kidogo. Chokaa haijali nguvu ya moyo.

Je, wajua kwamba mwanamume na mwanamke hawapimwi kwa mstari mmoja? Kwa miongozo ya Ulaya, alama 2,000 kwa mwanamume huashiria valvu iliyobana vibaya. Kwa mwanamke, 1,200 zinatosha, maana valvu yake hukakamaa zaidi kwa makovu. Mama mwenye 1,500 akisomwa kwa mstari wa wanaume, ataambiwa aende nyumbani. Huo ni uzembe.

Na valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyo nyingi kwetu Afrika Mashariki? Alama hizi hazikutungwa kwa ajili yake.

Dawa za kushusha kolesteroli? Zilijaribiwa, hazikuzuia chokaa. Valvu iliyobana vibaya hubadilishwa, ama kwa kupasua kifua ama kwa mrija kupitia mshipa, njia aliyoifungua Alain Cribier mjini Rouen, Ufaransa, mwaka 2002.