Wati Nane Zilizojaza Ukumbi wa Sinema

Katikati ya miaka ya 1930 kampuni ya Marekani ya Western Electric iliwauzia wenye majumba ya sinema amplifaya iliyoitwa 91. Sauti yote ilipita kwenye valvu moja ya nguvu, ya ukoo wa 300, na umeme uliokwenda kwenye spika haukuzidi wati nane hivi. Leo hata spika ndogo ya kubeba mkononi inaweza kuandikwa wati nyingi kuliko hizo, lakini watazamaji wa enzi ile walisikia filamu yao vizuri. Wati hupima umeme unaoingia kwenye spika tu. Hazisemi ni kiasi gani cha umeme huo kinageuka sauti, na katika jambo hilo spika hutofautiana zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Kwa hiyo nasema kwamba spika na amplifaya ni mashine moja iliyogawanywa vipande viwili, na fundi anayefufua spika ya zamani bila kujua ilitengenezwa iendeshwe na amplifaya ya namna gani amefufua nusu tu ya mashine. Uzee hauvifanyi vitu viwili kuwa ndugu. Ziko spika za miaka ya 1950 zinazotosheka kwa wati nane, na ziko nyingine za miaka hiyohiyo ambazo wati nane haziziamshi.

Chukua mbili ambazo wakusanyaji huzitafuta sana. Ya kwanza ni A7 ya Altec Lansing, ya ukoo wa Voice of the Theatre ulioingia sokoni mwaka 1945. Ni kabati lenye kimo cha zaidi ya mita moja, wufa ya inchi 15 ikipumua kupitia mdomo wa mbao unaopanuka, na juu yake honi ya chuma kwa sauti nyembamba. Ipe wati moja, weka kipimo mita moja mbele yake, nacho kitasoma desibeli 100 au karibu na hapo. Ya pili ni AR-3 ya Acoustic Research, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1954 na Edgar Villchur na Henry Kloss huko Cambridge, Massachusetts. Villchur aliliziba sanduku lisipitishe hewa, akailegeza koni kabisa, akaiachia hewa iliyofungwa ndani kazi ya springi ya kuirudisha koni mahali pake. Alipata besi ya kina cha ajabu kutoka kwenye sanduku linalokaa juu ya rafu, ila kwa wati ileile moja kipimo husoma desibeli 86 hivi. Kila desibeli kumi ni nguvu mara kumi, na pengo la desibeli 14 ni mara 25. Kiasi cha sauti ambacho A7 inakitoa kwa wati nane, AR-3 inakihitajia wati 200. Josef Anton Hofmann, aliyeshirikiana na Kloss kuanzisha kampuni ya KLH mwaka 1957, ndiye anayetajwa kwa kanuni inayoeleza hali hii: sanduku dogo, besi ya kina na wepesi wa kuitika haviji vyote pamoja; chagua viwili, cha tatu ukisamehe. Altec ilisamehe udogo, AR ikasamehe wepesi. Hakuna aliyekosea, lakini anayeziita zote mbili kwa jina moja la spika za zamani, kisha akazifunga kwenye amplifaya moja, ndiye atakayekosea.

Ili kuona kosa hilo linatokea wapi, tuingie kwenye amplifaya yenyewe. Valvu ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa. Ndani yake uso uliopashwa moto hutoa elektroni, nazo huvutwa na bamba lenye volti mia tatu, mia nne au zaidi. Katikati pana wavu mwembamba, nyongeza ya Lee de Forest ya mwaka 1906, na volti chache zikiwekwa kwenye wavu huo huubana au kuufungulia mkondo mzima. Basi valvu ina volti nyingi na mkondo mdogo, ilhali spika inataka mkondo mwingi na volti chache. Kinachozipatanisha ni transfoma ya kutolea sauti, kwa kazi inayofanana na ya giya ya baiskeli. Mizunguko 25 ya waya upande wa valvu kwa kila mzunguko mmoja upande wa spika huifanya spika ya omu 8 ionekane na valvu kama mzigo wa omu 5,000, kwa sababu 25 mara 25 mara 8 ni 5,000. Ndiyo maana nyuma ya amplifaya hizi kuna vituo vilivyoandikwa 4, 8 na 16. Ukiifunga AR-3, ambayo ni ya omu 4, kwenye kituo cha 8, valvu itaona omu 2,500, itatoa nguvu tofauti na mkwaruzo tofauti, na lawama itaangukia spika.

Tena transfoma haiumalizi ukinzani wa valvu. Amplifaya ya valvu isiyo na mrejesho, yaani isiyorudisha sehemu ya sauti inayotoka ili ijisahihishe, inaweza kubaki na omu mbili au tatu kwenye kituo chake, wakati ya transista mara nyingi haifiki hata sehemu ya kumi ya omu. Spika nayo, hata ikiandikwa 8, haina omu 8 kwa kila sauti. Yaweza kushuka hadi 6 mahali fulani na kupanda hadi 30 kwenye besi, pale koni inapotaka kuvuma yenyewe. Fanya hesabu kwa amplifaya ya omu 2. Penye 6, spika inapata robo tatu ya volti. Penye 30, inapata asilimia 94. Hiyo ni tofauti ya karibu desibeli 2, na sikio la kawaida linaitambua. Ule ujoto ambao wapenzi wa valvu huusifu, kwa sehemu kubwa, ni hesabu hii ya ukinzani. Spika ya sumaku nzito kama za Altec huishika koni yake barabara, na ikiendeshwa na amplifaya isiyo na ukinzani kabisa hushikwa mno hata besi ikakonda. Ukinzani wa valvu unailegeza kidogo, besi inajaa. AR-3 haihitaji hisani hiyo, maana hewa ya ndani ya sanduku na kipimo cha koni vimeshapangwa. Inayoifaa ni valvu za namna nyingine, zenye nguvu na zenye mrejesho hasi, wazo ambalo Harold Black wa Maabara ya Bell alilipata mwaka 1927 na ambalo, pamoja na kupunguza mkwaruzo, hushusha ukinzani wa kituo. Dynaco Stereo 70 ya mwaka 1959, yenye valvu nne za EL34 na wati 35 kila upande, ilitoka katika kizazi kilekile na AR-3, na zinafaana katika chumba cha kawaida.

Hoja hii ndiyo inayopaswa kuongoza mkono wa fundi. AR-3 ikifika mezani, swali la kwanza ni kama sanduku bado limeziba. Isukume koni ya wufa ndani polepole kwa vidole vilivyotanuliwa, kisha iachie. Ikirudi taratibu, hewa imefungwa. Ikichupa mara moja, kuna mahali inapovuja, na mara nyingi ni kwenye ukingo wa kitambaa ambao utomvu wake umekauka. Ukingo huo hupakwa upya kwa gundi laini inayobaki na unyumbufu, kidogo kidogo, kwa sababu tabaka nene huifanya koni kuwa ngumu na kuua kile Villchur alichokitafuta. AR-3a za baadaye zilipewa ukingo wa sponji, nao huoza wenyewe. Unyevu huuvunja, na katika hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja hakuna sababu ya kutarajia ukae miaka mingi. Anayebadilisha sponji hukata kofia ya katikati ya koni, huingiza vipande vyembamba vya plastiki kati ya koili na nguzo ya sumaku ili koili isimame katikati, hugandisha ukingo mpya, husubiri ukauke, ndipo huvitoa na kurudisha kofia. Nafasi iliyopo hapo haifiki milimita moja. Fundi mwenye haraka huiruka hatua hiyo, na koili hukwaruza sumaku tangu wimbo wa kwanza. Vitufe vya nyuma vya kupunguza sauti nyembamba ni ugonjwa mwingine wa AR: hushika kutu ndani, twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, ikanyamaza, watu wakadhani imeungua. Vifungue na uvisafishe kabla hujatafuta twita nyingine.

Hapa hutokea pingamizi la haki. Kama tunaifungua spika, mbona tusiweke kapasita bora za kisasa kwenye njia ya twita? Kapasita zilizokauka lazima zitolewe, hilo halina mjadala. Lakini ya zamani ilikuwa na ukinzani wake mdogo, na mbunifu aliuhesabu pamoja na twita yake. Ukiweka ya plastiki isiyo na ukinzani huo, twita hupata nguvu zaidi na spika huanza kuchoma sikio. Rizista ndogo iliyounganishwa mfululizo nayo hurudisha hesabu. Kwa upande wa amplifaya, zile za Marekani zilitengenezwa kwa volti 117 na mapigo 60 kwa sekunde, kwa hiyo penye volti 230 au 240 na mapigo 50 zinataka transfoma ya kushushia, na hata hapo transfoma yao ya ndani hupata joto zaidi. Kapasita za ndani hubaki na volti za kuua hata waya ukichomolewa. Humalizwa kwa rizista kabla mkono haujaingia. Na amplifaya ya valvu isipigwe kamwe bila spika, kwani volti hupanda kwenye transfoma ya kutolea hadi ikatoa cheche ndani yake.

Pingamizi zito kuliko yote husema kwamba valvu ni mkwaruzo unaopendeza, basi. Ushahidi bora ninaoujua ni wa mwaka 1985, Bob Carver alipowaambia wahariri wa jarida la Stereophile kwamba angeweza kuifanya amplifaya yake ya transista isikike sawa na amplifaya ya valvu ya bei kubwa waliyoichagua wao. Alirekebisha, akalinganisha mawimbi ya mashine hizo mbili, na katika marekebisho yake aliongeza ukinzani wa kutolea, hadi wahariri wakakiri hawawezi kuzitofautisha. Wapinzani wa valvu hulitumia tukio hilo kama kesi iliyoisha. Mimi naliona likiunga mkono hoja ya ndoa ya spika na amplifaya, maana kilichobadilishwa kilikuwa namna amplifaya inavyoitika mbele ya spika. Mwenye A7 na amplifaya ya transista anaweza kujaribu mwenyewe kwa rizista ya omu 2 yenye uwezo wa wati kumi au zaidi, akiiunganisha mfululizo na spika, na kusikiliza besi ikijaa. Akitosheka hapo, hahitaji valvu. Asipotosheka, EL34 na 300B mpya bado zinatengenezwa, na valvu iliyochoka huchomolewa kwenye soketi yake kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa na kioo kimepoa.