Simu Imekuwa Kungwi

Zamani kwetu pwani kila mwari alikuwa na kungwi wake. Leo hapa London mabinti zetu wanafundwa na simu. Katika TikTok msichana analia kwamba vidonge vya kuzuia mimba vimemnenepesha. Katika WhatsApp sisi wazee tunarushiana habari kwamba vinaharibu kizazi.

Madhara yapo, kama kuumwa kichwa au hedhi kuvurugika, na anayeyasimulia hasemi uongo. Lakini vidonge haviharibu kizazi: mtu akiviacha, uwezo wa kushika mimba hurudi. Sindano ya miezi mitatu ndiyo inayoweza kuchelewesha, pengine hadi mwaka mzima. Filamu ya dakika moja haitenganishi mambo hayo.

Kungwi alimjua mwari wake, na alipoulizwa alijibu. Simu haimjui mtu. Nchini Uingereza huduma za uzazi wa majira hutolewa bure na NHS tangu 1974, na tangu Desemba 2023 maduka mengi ya dawa ya England hutoa vidonge bila kwenda kwa daktari.

Mimi nimewaambia wapwa zangu: mkisikia jambo, kamuulizeni mfamasia, kisha njooni tuzungumze. Tukinyamaza sisi, simu haitanyamaza.