Je, Wajua? Majaji Saba Wanaoingia Hadi Mfukoni Mwako

Je, wajua kwamba Kenya yenye watu zaidi ya milioni 50 ina majaji saba tu katika Mahakama ya Juu? Saba! Hawatoshi hata kuunda timu ya kandanda. Na watano kati yao wakipatikana, kesi inasikizwa. Wakishatamka, basi: hakuna pa kukata rufaa, na mahakama nyingine zote nchini zinafuata neno lao.

Tena si mahakama ya enzi za babu. Imezaliwa na Katiba ya 2010 na kuanza kazi 2011. M-Pesa ni ya 2007, kwa hiyo M-Pesa ni kaka yake!

Kesi ya kupinga matokeo ya urais lazima ifikishwe hapo ndani ya siku 7 baada ya matokeo kutangazwa, na majaji wana siku 14 pekee za kuisikiza na kuiamua. Siku 14! Hebu niambie, ile kesi yenu ya shamba imefikisha miaka mingapi?

Sasa shika kiti. Mnamo 1 Septemba 2017, majaji wanne dhidi ya wawili walifuta ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta, aliyekuwa ametangazwa kumshinda Raila Odinga kwa kura zaidi ya milioni 1.4. Jaji wa saba alikuwa mgonjwa. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa mahakama kufuta ushindi wa rais aliye madarakani. Soko la hisa la Nairobi likaporomoka, hadi biashara ikasimamishwa kwa takriban nusu saa. Rais naye alisema anaheshimu uamuzi, na siku hiyo hiyo akawaita majaji wakora!

Subiri, kuna zaidi. Tarehe 25 Oktoba, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, kulikuwa na kesi ya dharura ya kuusimamisha. Nchi nzima imekodolea macho runinga. Jaji Mkuu David Maraga anatokea na kutangaza kwamba waliopatikana ni wawili tu, yeye na Jaji Isaac Lenaola. Dereva wa Naibu Jaji Mkuu alikuwa amepigwa risasi jioni iliyotangulia, jaji mwingine yuko ng'ambo kwa matibabu, mwingine amekosa ndege ya kurudi Nairobi. Watano hawakutimia, kesi haikusikizwa, kura zikapigwa. Raila alisusia, Uhuru akapata asilimia 98. Mwandishi wa tamthilia angeleta kisa hiki, mhariri angemwambia apunguze chumvi.

Malawi wakafuata mkondo. Februari 2020 majaji walifuta uchaguzi wa rais uliokuwa na fomu za matokeo zilizopakwa wino mweupe wa kufutia. Walifika kutoa uamuzi wamevaa fulana za kuzuia risasi! Mahakama ya rufaa ya juu kabisa ikakubaliana nao Mei, na Juni Lazarus Chakwera, kiongozi wa upinzani, akaibuka mshindi.

Uganda je? Mwaka 2006 majaji wa Mahakama ya Juu walikubali kwamba uchaguzi ulikuwa na dosari. Kisha wakapiga kura wao wenyewe: wanne wakasema matokeo yabaki, watatu wakasema yafutwe. Rais Yoweri Museveni alibaki Ikulu kwa tofauti ya jaji mmoja. Mmoja!

Na ukivuka kwenda Tanzania hutaikuta mahakama inayoitwa ya Juu. Kilele ni Mahakama ya Rufani. Lakini hata hiyo haigusi urais: ibara ya 41(7) ya Katiba inasema mgombea akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama ya kuchunguza uchaguzi wake.

Usidhani basi kwamba majaji wa Dodoma na Dar es Salaam hawana meno. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaenda kortini. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasimama naye, na kuipa serikali mwaka mmoja wa kurekebisha vifungu hivyo.

Tukiwa bado kwenye ndoa: je, wajua kwamba Uganda mume hawezi kudai arudishiwe mahari ndoa ikivunjika? Mahakama ya Juu ilisema hivyo Agosti 2015. Mahari yenyewe haikuguswa. Ng'ombe akishaondoka kwako, ameondoka!

Kenya nayo, Januari 2023, majaji walisema mali ya ndoa haigawanywi nusu kwa nusu kwa sababu tu mlioana. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Ila sikia vizuri, bwana uliyeanza kutabasamu: kulea watoto na kutunza nyumba ni mchango pia, unahesabiwa.

Tutoke kwenye ndoa. Desemba 2017 majaji hao wa Kenya walikataa hukumu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji. Kabla ya hapo, jaji akikukuta na hatia hakuwa na adhabu nyingine ya kuchagua. Cha ajabu ni kwamba Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987!

Mnaopenda runinga, hii mnaikumbuka. Septemba 2014 mahakama iliiruhusu serikali kuendelea na safari ya dijitali. Februari 2015 mitambo ya analogi ikazimwa, na Citizen, NTV na KTN zikatoweka hewani karibu wiki tatu. Wiki tatu bila habari za saa moja!

Mfuko wako je? Sheria ya Fedha ya 2023 ndiyo iliyopandisha ushuru wa VAT kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikaifuta yote. Miezi mitatu baadaye Mahakama ya Juu ikairudisha. Na mwaka huo huo ikasema benki haiwezi kukupandishia riba ya mkopo bila idhini ya Waziri wa Fedha. Wenye mikopo, mko?

Nimeweka utamu wa Pwani mwisho. Pale Nyali, Mombasa, kulikuwa na kiwanja kando ya bahari kilichogawiwa 1989 kwa Daniel arap Moi, rais wa wakati huo. Baadaye kikauzwa, na kampuni iliyokinunua ikawa na hatimiliki mkononi na ukuta umesimama. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ikaja na kuubomoa ukuta, ifungue njia ya umma kwenda ufukweni. Kampuni ikashtaki. Aprili 2023 majaji wakasema ardhi hiyo ilikuwa uwanja wa wazi wa umma na haikugawiwa kwa utaratibu, kwa hiyo aliyeinunua baadaye hakupata kitu. Hatimiliki ni karatasi tu kama mzizi wake umeoza! Tangu siku hiyo wanunuzi wa ardhi Kenya hawana budi kufukua historia ya kiwanja hadi kwa mgawiwa wa kwanza.

Na je, wajua kwamba hukumu hizi za Kenya zinasomwa bure kabisa kwenye tovuti ya Kenya Law? Kama una mpango wa kununua kiwanja mwaka huu, anza na hiyo ya Nyali kabla hujatoa hata shilingi ya kishika nafasi.