Mbwa akitafuna mshubiri

Nyumba nyingi za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam hazikosi mshubiri, uwe umepandwa kwenye kopo la rangi barazani au kando ya ukuta. Mtoto akiungua, jani linakatwa. Kuku wakiugua, linatiwa kwenye maji yao. Basi mbwa akitoka upele, mwenyewe haoni shida kumpaka. Naomba kwanza alitazame jani lenyewe.

Kata jani bichi ulisimamishe kwenye glasi, palipokatwa pakiwa chini. Baada ya muda utaona utomvu wa manjano umejikusanya, mchungu na wenye harufu kali. Hautoki kwenye ute wa katikati, ambao karibu wote ni maji. Unatoka chini tu ya ganda la kijani. Ndani yake mna aloini, na hiyo ndiyo inayomdhuru mbwa.

Aloini haifanyi kazi papo hapo. Husubiri ifike kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huivunja ikawa kitu kinachouchokoza utumbo na kuvuta maji. Kwa hiyo mbwa anaweza kutafuna asubuhi, akacheza vizuri tu, kisha saa kadhaa baadaye akaanza kuharisha na kulegea. Wengine hutapika. Hata kwa binadamu, mwaka 2002 Marekani iliagiza shubiri iondolewe kwenye dawa za choo zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa usalama wake haukuthibitishwa.

Mbwa mkubwa aliyeonja kidogo kwa kawaida hupona, na uchungu wenyewe humfukuza. Ninayemhofia ni mtoto wa mbwa: anaota meno, anatafuna chochote, na akiharisha anaishiwa maji upesi.

Kuna jambo jingine. Shubiri inaweza kuugeuza mkojo wa mbwa uwe mwekundu. Kwetu huku, mkojo wa namna hiyo humfanya daktari wa mifugo afikirie homa ya kupe, na ana haki, maana ugonjwa huo unaua. Apime damu, lakini mwambie habari za mmea, umpelekee na kipande kilichotafunwa.

Ukimkuta anatafuna, mtoe mabaki mdomoni, mpe maji safi, kisha mpigie daktari. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi ni sumu kwa mbwa, tena mbaya kuliko shubiri yenyewe.

Na kumpaka? Mbwa hujilamba. Ukiona lazima, acha utomvu wote uchuruzike, menya ganda kwa unene, osha ute, umzuie asilambe. Ila upele wa mbwa mara nyingi ni kazi ya utitiri, wadudu wasioonekana kwa macho, na hao wana dawa yao kwa daktari.

Anayetaka mimea ya kunukia karibu na banda la mbwa apande rehani au rozimeri, ambazo hazina sumu kwake. Mshubiri auweke juu, mbwa asikoufikia.