Blogu: Gazeti la Mtu Mmoja

Siku hizi tunamsikia mtangazaji wa redio akisema, "Habari hii imetoka kwenye blogu." Blogu ni kitu gani? Hebu tueleze polepole.

Gazeti la ukutani mnalifahamu. Mtu anaandika habari kwenye karatasi, anaibandika kwenye ukuta wa kituo cha kisomo. Wapitao wanasoma. Asiyekubali anachukua kalamu anaandika chini yake, "Si kweli, kisima kile kilichimbwa mwaka juzi." Kesho habari mpya inabandikwa juu ya ile ya jana. Blogu nayo ni hivyo hivyo, ila ukuta wake uko kwenye intaneti, yaani mtandao unaounganisha simu na kompyuta za dunia nzima. Aliyeko Kasulu akibandika, aliyeko Oman anasoma saa ile ile.

Gazeti la kawaida lina mhariri, mtambo wa kuchapa, karatasi na gari la kulisambaza. Blogu haina hayo. Mwenye blogu ndiye mwandishi, ndiye mhariri, ndiye mchapaji. Uzuri wake uko hapo, na hatari yake iko hapo hapo, kwa sababu hakuna mtu wa pili wa kumwambia "hapa umekosea" kabla habari haijatoka. Kwa hiyo msomaji wa blogu lazima aulize: Nani kaandika? Amejuaje? Je, wengine wanasema hivyo hivyo?

Neno lenyewe lilitoka Marekani. Mwaka 1997 Jorn Barger aliuita ukurasa wake "weblog", maana yake daftari la kumbukumbu kwenye mtandao. Baadaye watu wakalikata neno likabaki "blog", nasi tukasema blogu. Mwaka 1999 ikatoka programu iitwayo Blogger. Programu hii ilimwezesha mtu asiye fundi wa kompyuta kuandika na kubandika bila kulipa ada. Ndipo blogu zikatoka kama kumbikumbi baada ya mvua.

Lakini kwa Kiswahili hapakuwa na kitu. Wachache wa Afrika Mashariki walioanza mapema waliandika zaidi kwa Kiingereza. Ilionekana kama vile intaneti ina lugha yake, na mwenye Kiswahili akae nje asubiri kutafsiriwa.

Mwaka 2004 Mtanzania Ndesanjo Macha, mwandishi wa habari aliyekuwa akiishi Marekani, alianza blogu kwa Kiswahili. Aliiita Jikomboe. Hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa blogu ya kwanza ya Kiswahili. Jina lenyewe linajieleza. Mtu mmoja aliandika siasa, utamaduni na mambo ya kompyuta kwa lugha ya sokoni, na watu wakaona kumbe inawezekana. Wengine wakafuata.

Wakaanza kutembeleana. Kando ya kila blogu mwenyewe aliandika majina ya blogu za wenzake. Ukibonyeza jina, unapelekwa huko. Ni kama mwenyeji anayekuonyesha njia ya kwenda kwa jirani. Kwa namna hii watu ambao hawajawahi kuonana wakawa jumuiya, wanabishana, wanasahihishana Kiswahili, wanapeana pole.

Mwaka 2005 Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, alianza blogu yake akiwa Helsinki, nchini Ufini. Huyu hakuandika makala ndefu. Alibandika picha: harusi, mikutano, mechi, misiba, mitaa ya Dar es Salaam. Watanzania walioko ng'ambo wakaisoma sana. Fikirini, mtu yuko ugenini, kuna baridi, hana wa kumsalimu kwa Kiswahili, anafungua blogu anaona picha ya msiba wa mtu wa kwao na chini yake pole za watu wengi. Wakati ule hapakuwa na gazeti lililoweza kumfanyia hivyo siku ile ile.

Kiswahili kilikuwa na bahati moja. Herufi zake zote zimo kwenye kompyuta ya kawaida. Wenzetu wa Ethiopia wanaoandika Kiamhari wana herufi zao wenyewe, na ilibidi zitengenezwe programu za kuziandika. Hata hivyo nao waliandika. Mwaka 2012 vijana wa huko walianzisha blogu wakaiita Kanda ya Tisa. Gereza la Kaliti lilikuwa na kanda nane, na wao walisema nchi nzima iliyobaki ndiyo ya tisa. Mwaka 2014 sita kati yao walikamatwa, wakashitakiwa kwa ugaidi. Waliachiwa mwaka 2015. Maneno ya lugha ya nyumbani hufika mbali, na wenye madaraka nao wanalijua hilo.

Kwetu Tanzania jambo lilikuja kwa njia ya ada. Mwaka 2018 zilitolewa kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kupata leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Maombi shilingi 100,000, leseni 1,000,000, na ada ya kila mwaka 1,000,000. Jumlisheni wenyewe, halafu mpige hesabu ni magunia mangapi ya mahindi. Asiyefuata alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Serikali ilisema inazuia uongo na matusi, na kweli uongo na matusi vilikuwapo. Lakini mwongo mwenye fedha aliweza kulipa. Mwalimu wa kijijini aliyeandika ukweli bila faida hakuweza, na wapo waliofunga blogu zao. Kanuni hizo zilifutwa zikaja nyingine mwaka 2020, na hizo nazo zikarekebishwa mwaka 2022. Anayetaka kuandika habari za matukio aulize TCRA kwanza kanuni za wakati huo zinadai nini.

Leo wengi wamehamia Facebook na WhatsApp, kwa sababu ni rahisi zaidi. Mimi naona kuna hasara. Maneno ya kwenye kundi la WhatsApp yanazama. Wiki ikipita huyaoni. Ya kwenye blogu yanakaa kwa tarehe zake, na hata mgeni anaweza kuyatafuta baada ya miaka, mradi mwenyewe hajayafuta.

Mama mmoja wa darasa la kisomo aliniuliza, "Sasa mwalimu, mimi nitaandika nini? Hata Dodoma sijafika." Nikamwuliza kiduha kimemsumbua mwaka huu? Akaeleza karibu nusu saa: alikiona lini shambani, aliking'oa kabla hakijatoa maua, alipanda nini mwaka uliofuata, mtama ulitoa debe ngapi. Mwanawe ana simu ya kupapasa na bando kidogo. Tumekubaliana mama aandike kwanza kwenye daftari, kwa mkono wake, kijana apige chapa, na mama asome tena kabla hakijabandikwa. Ukurasa wa kwanza ameshaumaliza. Anabishana na jirani yake juu ya idadi ya madebe.