Plaki ya jua kwenye kamio na mtumbwi: chunga betri



Plaki nyepesi ya jua, ile inayopinda, inafaa sana juu ya kamio au mtumbwi wa kuvulia samaki katika Lualaba na ziwa Moero. Haina kioo, wala haina uzito mkubwa. Lakini umeme wake huwekwa katika betri, na humo ndimo mna hatari kubwa.

Betri ya asidi inapojazwa hutoa hewa ya idrojeni, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo ikikusanyika ndani ya sanduku lililofungwa, cheche moja yatosha kupasua betri na kurusha asidi machoni. Kwa hiyo:

1. Weka betri mahali penye hewa, mbali na moto, sigara na watoto.
2. Funika plaki kwa nguo nzito kabla ya kugusa nyaya zake.
3. Tia fyuzi karibu na betri.

Asidi ikiingia jichoni, usisugue. Fungua jicho, lioshe palepale kwa maji safi mengi, dakika 20 au zaidi. Halafu kimbilia hospitali. Ukianza na safari, jicho laweza kuharibika njiani.

Betri hununuliwa sokoni, jicho halinunuliwi.