Hiari mbele ya kadhi

Mwislamu amefariki Mombasa. Wazazi wake walishatangulia. Ameacha mjane, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Madeni yakishalipwa, zimebaki shilingi 3,200,000. Mjane ana thumni yake, 400,000. Mwana anapata 1,400,000, na kila binti 700,000. Binti mmoja anauliza: kwani ni lazima nihukumiwe na kadhi?

Jibu ni la. Katiba ya Kenya ya 2010 inakataa dini ya taifa katika Kifungu cha 8. Kifungu cha 170 kinaipa Mahakama ya Kadhi mambo ya ndoa, talaka na mirathi kwa masharti mawili: wahusika wote wawe Waislamu, tena wote wakubali kuhukumiwa hapo. Sharti la kwanza kila mtu analijua. La pili ndilo linalosahaulika. Binti huyu ana haki ya kukataa na kwenda Mahakama Kuu.

Ila asitarajie hesabu mpya. Tangu 1990, Sheria ya Urithi imeyaacha mafungu ya mali ya marehemu Mwislamu yafuate sheria ya Kiislamu, kwa hiyo Mahakama Kuu nayo itaipima kesi kwa mizani ileile. Jamhuri imempa hiari ya kumchagua hakimu, haikumpa hiari ya kuichagua sheria.

Hapa ndipo dini na usawa vinapogusana. Kifungu cha 24 kinaruhusu haki ya usawa ipunguzwe kwa Waislamu wanaohukumiwa na kadhi, lakini kwa kiasi kisichoepukika tu. Nani anapima kiasi hicho? Mahakama za jamhuri. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao Mwislamu kwa sababu hiyo pekee. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa ni kuingilia dini, na wapo waliosema mtoto hana kosa. Mjadala huo hautaisha kesho.

Kwa sasa, nafasi kubwa iko mikononi mwa mzazi aliye hai, na sheria ya Kiislamu yenyewe imempa. Mirathi huanza pale pumzi inapokatika. Kabla ya hapo mali ni yake. Baba anayetaka mabinti wawe sawa na kaka yao ana njia ya hiba: awape akiwa na afya yake, mbele ya mashahidi, na awakabidhi kweli. Akiahidi tu bila kukabidhi, mali hiyo itarudi kwenye hesabu ya kadhi.